Maji, Barua na Kikombe: Miujiza Mbele ya Historia Kusini mwa Tanzania

Nandagala ni kijiji cha Umwera, wilayani Ruangwa, jirani na Nachingwea. Wengi nchini walilizoea jina lake baada ya 2015, Kassim Majaliwa, mwenyeji wa huko, alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Kwa anayefuatilia historia ya imani, uzito wa kijiji hiki uko katika mahali kilipokaa. Kaskazini, ukishavuka nchi ya Kilwa, kuna Ngarambe, alikotokea nabii Kinjikitile Ngwale na maji yake ya dawa. Mashariki kuna Lindi, mji uliotikiswa mwaka 1908 na barua iliyosemekana kutoka Makka. Upande wa kusini kuna Nyangao, Ndanda na Masasi, zenye misheni za tangu enzi za ukoloni na kabla yake. Habari za miujiza zimeingia Umwera kutoka pande hizo zote, na kila moja ilidai isadikiwe.

Je, historia inaweza kuthibitisha muujiza? Yuko anayejibu kwamba lisiloelezeka kwa sayansi ni hekaya, na kulichunguza ni kupoteza muda. Yuko anayejibu kwamba wazee walisema, basi imetosha. Wote wawili wanaiacha kazi njiani. Kazi ya historia ni kuifuata habari yenyewe tangu kwenye kinywa cha kwanza: nani aliona, nani alimsimulia nani, nani aliandika, na alipoandika alikuwa anatafuta nini. Tukiifuata hivyo miaka mia na zaidi ya kusini, tutaona mengi.

1876–1904: Mizimu, misheni na chuo

Kabla ya utawala wa Wajerumani, mtu wa bara la Lindi hakuhitaji kuthibitishiwa kwamba visivyoonekana vipo. Mvua iliombwa, mashamba yaliwekewa kinga, wawindaji walichanjiwa dawa. Katika bonde la Rufiji watu walikwenda kwa mzimu Bokero, na Uluguru palikuwa na mzimu Kolelo. Hakuna aliyeita mambo hayo muujiza. Yalikuwa sehemu ya kilimo na ya kuishi salama, na dawa ilihukumiwa kwa matokeo: mvua imenyesha au haikunyesha, nguruwe mwitu wamekula mtama au wameuacha.

Mwaka 1876 wamisionari Waanglikana wa UMCA, chini ya Askofu Edward Steere, walifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani. Baadaye Wabenediktini wa Kijerumani walifungua vituo Lukuledi na Nyangao. Kutoka pwani Uislamu ulikuwa ukipanda taratibu, ukibebwa na wafanyabiashara na walimu wa chuo cha Kurani. Hivyo, karne ya 20 ilipoanza, Mmwera mmoja aliweza kusikia habari za mzimu wa mtoni, za ufufuo wa Yesu na za safari ya Mtume mbinguni, zote ndani ya msimu mmoja wa kilimo.

Utawala wa Wajerumani nao ulileta yake. Kodi ya nyumba ilianza 1898. Kuanzia 1902 watu wa pwani na maeneo ya karibu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, kwa ujira mdogo mno na kwa viboko. Anayeitaja imani ya maji bila kuitaja pamba anasimulia nusu ya kisa. Anayetaja pamba peke yake naye ameacha nusu ya pili.

1904–Julai 1905: Bwawa la Ngarambe

Masimulizi ya kilichotokea Ngarambe yalikusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960, kutoka kwa wazee wa Umatumbi na jirani zake. Simulizi maarufu kuliko yote inasema Kinjikitile alishikwa na mzimu wakati wa asubuhi, yapata saa tatu, watu wa nyumbani kwake wakiwa nje wanaota jua. Alikwenda kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele. Wakamshika miguu wamvute, akalia kwamba wanamuumiza. Akatoweka majini. Ndugu zake walilala kando ya bwawa wakimngoja. Kesho yake, saa ileile, akatoka mzima, nguo zake kavu. Ndipo akaanza kunena habari za wafu watakaorudi na za maji yatakayowalinda watu.

Isomwe polepole simulizi hii, maana ndani yake kuna jambo linalopitwa na wengi. Mzee aliyeisimulia hakutaka aaminiwe kwa neno lake tu. Alitaja saa. Alitaja mashahidi: wake, watoto, ndugu. Alisema pia kwamba waliojua kuogelea walipiga mbizi wakamtafuta chini wasimwone, na kwamba waliobaki walijadiliana: akiwa amekufa, mwili utaelea; akiwa amechukuliwa na mnyama au na mzimu wa maji, tutamwona akirudishwa, hai au maiti. Hao ni watu waliokuwa wanapima. Waliweka mbele yao maelezo mawili matatu, wakakesha kungoja ni yapi yatakayoonekana.

Je, hilo linathibitisha kwamba alilala chini ya maji usiku kucha? Halithibitishi. Tukio ni la 1904, na simulizi imeandikwa zaidi ya miaka sitini baadaye, baada ya vita, njaa na Uhuru. Linathibitisha jambo jingine: jamii iliyobeba habari hiyo ilijua tofauti ya uvumi na ushahidi, ikaona ni lazima kutoa ushahidi.

Habari ikaenea kwa njia ya siri ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani mnong'ono. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi, wakarudi na maji yaliyochanganywa na nafaka. Wajumbe walioitwa mahongo wakayapeleka mbali. Baadhi ya waliohojiwa na maofisa walisema ni dawa ya mazao tu, ya kufukuza nguruwe. Wengine waliambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Huenda yote mawili yalisemwa kwa ukweli, na watu mbalimbali, mahali mbalimbali.

Julai–Oktoba 1905: Maji yanapimwa

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba. Tendo hilo likawa tangazo la vita vya Maji Maji. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Masimulizi yanasema alikufa akiwaambia Wajerumani kwamba dawa yake imekwisha kufika mbali. Kwa hilo alisema kweli: katikati ya Agosti boma la Liwale lilianguka. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani katika nchi ya Liwale. Mwishoni mwa mwezi huo vita viliingia Umwera. Misheni za Nyangao na Lukuledi zikateketezwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha katika kukimbia. Wamisionari wa Masasi wakakimbilia Lindi.

Tungetazamia kwamba kila aliyesikia habari ya maji aliyapokea. Haikuwa hivyo. Selemani Mamba aliongoza wapiganaji wa bara la Lindi, lakini Nakaam wa Chiwata, aliyesikia habari zilezile, alisimama upande wa Wajerumani. Mwanahistoria Felicitas Becker, aliyefanya utafiti wa muda mrefu katika sehemu hizi, ameonyesha kwamba uamuzi wa wakubwa wa kusini ulifungamana na ushindani wao wenyewe, na biashara ya pwani ambayo Wajerumani walikuwa wanaibana, na hofu ya kila mmoja kupoteza watu wake. Habari ya muujiza haikuwafanya watu wasahau hesabu zao. Iliingia katika hesabu hizo.

Kipimo kikali kilikuja Mahenge tarehe 30 Agosti. Maelfu ya wapiganaji walilisogelea boma lenye bunduki za mtombo. Safu za mbele zikaanguka, na nyuma yao wengine wakaendelea kuja. Kisha Oktoba, baada ya kushambuliwa kambini Namabengo, inasimuliwa kwamba Wangoni waliyatupa maji wakisema ni uongo. Wapo waliotoa maelezo mengine: miiko ilivunjwa, watu waliteka mali, watu hawakujitenga na wake zao. Kila dini ina mjadala wa namna hii ahadi inapokawia. Tofauti ni kwamba hapa mjadala ulifanyika huku watu wanazikwa.

1906–1908: Njaa, na barua kutoka Makka

Vita vya mwisho havikupigwa kwa risasi. Majeshi ya Gavana Graf von Götzen yalichoma vijiji, yakateketeza ghala na mashamba, njaa ikamaliza kilichobaki. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kubwa kiasi hicho inatukumbusha kwamba hata yasiyo na muujiza wowote, kama idadi ya maiti, yanategemea nani alihesabu na alikuwa na sababu gani ya kupunguza.

Götzen aliandika kitabu juu ya vita hivyo, kikatoka 1909. Katika maelezo yake waganga na ushirikina walibeba lawama kubwa. Hilo lilimfaa: ikiwa chanzo ni uchawi, basi pamba, kodi na viboko vya serikali yake havina hatia. Hivyo sehemu kubwa ya ushahidi wa maandishi wa wakati ule juu ya maji imetoka kwa upande uliokuwa ukijitetea.

Juu ya majivu hayo dini mbili zilikua. Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, na hospitali yake ikaja kuwa kimbilio la wagonjwa wa kusini yote. Uislamu nao ulienea vijijini kwa kasi kuliko hapo awali. Watu walikuwa wamepoteza jamaa, wakubwa wao na imani katika dawa iliyowaangusha. Walitafuta jamii mpya ya kusimama nayo.

Katikati ya 1908 ndipo barua ikaonekana Lindi. Ilisema kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume mjini Madina, alimwona Mtume katika ndoto. Waislamu wameacha njia, Kiyama kiko karibu, mlango wa toba unakaribia kufungwa. Aliyeisoma aliamriwa ainakili na kuipeleka kwa mwenzake. Walimu wakainakili kwa mkono, nakala zikapanda bara, misikiti ikajaa. Wajerumani, ambao harufu ya moshi wa 1905 haijawatoka puani, waliona Maji Maji nyingine inakuja. Wakakamata watu, wakamtaja Rumaliza, mkubwa wa zamani wa Ujiji aliyekuwa Zanzibar, kuwa ndiye mwenye mkono.

Hapa historia inaweza kusema zaidi kuliko ilivyoweza kusema Ngarambe. Barua ya Sheikh Ahmad haikuzaliwa Lindi. Mwaka 1884 mtaalamu Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha kuandika juu ya barua ya aina hiyohiyo iliyozunguka visiwa vya Indonesia. Leo inapita katika simu zetu, na jina lilelile la Sheikh Ahmad. Ndoto ya mtu hatuwezi kuichungulia. Lakini waraka unaodai umetoka juzi, huku umekuwa ukizunguka dunia kwa vizazi, umejikana wenyewe. Hata hivyo toba ya watu wa Lindi mwaka 1908 ilikuwa ya kweli. Waliokwenda msikitini walikwenda kwa miguu yao, na wengi hawakurudi nyuma.

1956–1973: Nani ana haki ya kueleza?

Nusu karne ilipita, wenye kalamu wakabadilika. Desemba 1956 Julius Nyerere, akizungumza Umoja wa Mataifa, alieleza kwamba watu wa Maji Maji hawakuinuka kwa sababu ya kiapo cha kishirikina, waliinuka kwa sababu ya kutaka kuwa huru. Alikuwa anamjibu Götzen na wafuasi wake. Mwaka uliofuata ulichapishwa utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya vita hivyo, sauti ya mwanachuoni wa pwani aliyeviona kwa jicho jingine kabisa.

Mwaka 1968 Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita kutoka vinywani mwa wazee, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapelekwa vijijini kukusanya zaidi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, inayomwonyesha nabii asiye na uhakika kama neno alilolitoa bado ni lake. Tasnifu ya Gwassa ya 1973 ilirudisha maji mahali pake: kwake imani ndiyo iliyowaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawajawahi kupigana bega kwa bega.

Baadaye watafiti kama Jamie Monson na Thaddeus Sunseri wakauliza iwapo umoja huo ulikuwa mkubwa kiasi kinachosemwa, au taifa changa lilihitaji kuuona. Swali lao ni la haki. Götzen alihitaji uchawi ili ajisafishe. Nyerere alihitaji wapigania uhuru wasio na doa la ushirikina mbele ya mataifa. Chuo kikuu kilihitaji mwanzo wa taifa. Kinjikitile amevalishwa mavazi hayo yote, na hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi yake.

2011: Kikombe

Mapema mwaka 2011 Watanzania wa kila mkoa walianza safari ya Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa mahututi wakafia njiani, mawaziri nao wakanywa. Baada ya muda mfupi foleni ilikwisha. Masapila alifariki Julai 2021.

Tofauti na Ngarambe, safari hii tulikuwa na kamera, magazeti na maabara. Tungeweza kuwafuatilia waliokunywa, mmoja mmoja, tukaandika nani alikuwa na ugonjwa gani na baada ya mwaka alikuwaje. Kanisa Katoliki hufanya hivyo linapochunguza uponyaji kabla ya kumtangaza mtu mwenye heri: madaktari huitwa, vyeti vya hospitali husomwa, mashahidi huapishwa. Mchakato wa Mwalimu Nyerere, uliofunguliwa Jimbo la Musoma mwaka 2005, nao utahitaji muujiza uliopimwa namna hiyo kabla hajaitwa mwenye heri. Loliondo sisi tuliacha kazi hiyo kwa uvumi. Waliodai wamepona walisikika. Waliokufa walizikwa kimya. Hilo ni kosa letu wote, na liligharimu maisha ya watu.

Mizani

Mwaka 1748 mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika kwamba ushuhuda hautoshi kuthibitisha muujiza, isipokuwa uongo wa ushuhuda huo uwe ni jambo la ajabu kuliko muujiza wenyewe. Ni tahadhari nzuri. Lakini aliongeza kwamba habari za miujiza hustawi hasa kwa watu wajinga na washenzi. Hapo alikosea, na waliopiga mbizi Ngarambe ni mashahidi dhidi yake.

Karibu karne nne kabla ya Hume, mwaka 1377, Ibn Khaldun aliwaonya wanahistoria wasikubali habari kwa kuwa imepokewa tu, waipime kwa tabia ya mambo na hali za watu. Kabla yake wanazuoni wa hadithi walikwisha kujenga kanuni ya isnadi: habari haina uzito mpaka ujulikane mlolongo wa walioipokea, na kila aliyemo katika mlolongo ajulikane ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na aliyemsimulia. Kanuni hiyo inafundishwa katika vyuo vya Lindi mpaka leo. Hatukuhitaji kuazima mizani kutoka mbali.

Kwa mizani hiyo, hukumu yangu ni hii. Historia haiwezi kumhakikishia mtu kwamba mzimu ulimchukua Kinjikitile, wala kwamba Mtume alimtokea Sheikh Ahmad, wala kwamba Mungu alisema na mchungaji wa Samunge. Muumini akiamini, anaamini kwa imani yake, na ana haki hiyo. Lakini historia inaweza kusema kwa uhakika habari ilianza lini, ilipitia kwa nani, nani alifaidika nayo, na watu walifanya nini kwa kuiamini. Katika Umwera hayo yaligeuza kila kitu: nani alikufa, nani alitawala, msikiti ulijengwa wapi na kanisa wapi.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1905 wameondoka wote. Waliowasikia wakisimulia ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Msomaji wa Nandagala, wa Ruangwa, wa Nachingwea, ukiwa bado una babu au bibi anayekumbuka alichoambiwa juu ya maji, juu ya njaa, juu ya mwalimu wa kwanza au padri wa kwanza, kaa naye jioni moja. Mwache aseme yote, hata usiyoyaamini. Kisha muulize alisikia kwa nani, na huyo alisikia kwa nani. Andika majina, kijiji na tarehe, uweke mahali salama. Atakayekuja baadaye kuamini au kukataa, na akute ushahidi.